Gilasi Nane za Forodhani: Bahati, Takwimu na Watoto wa Pemba

Jua linapozama baharini, bustani ya Forodhani hubadilika sura. Vijana hurukia majini kutoka ukutani kwa mitindo ya kuwashangaza wageni, meza za pweza na mishikaki huwashwa taa, na mashine za kukamulia muwa huanza kulia. Muuzaji huukunja muwa, hutia kipande cha tangawizi na ndimu katikati, kisha huupitisha tena baina ya magurudumu mpaka yabaki makapi matupu. Wapo wanywaji wanaoapa kwamba ndimu iliyokamuliwa pamoja na muwa ina ladha yake, na ndimu iliyoongezwa baadaye ndani ya gilasi ina ladha nyingine kabisa. Wengine huwacheka.

Tuseme bibi mmoja wa Shangani anadai kwamba yeye katika jambo hili hakosei. Tutajuaje kama asemayo ni kweli? Kumpa gilasi moja hakutoshi, kwa sababu hata asiyejua lolote ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kupatia. Basi tumtayarishie gilasi nane pasipo yeye kuona: nne za ndimu iliyokamuliwa pamoja na muwa, nne za ndimu iliyoongezwa baadaye, zipangwe mezani kwa kura. Aambiwe kwamba zipo nne na nne, aonje zote, kisha azitenge nne anazodhani ni za aina ya kwanza.

Hapa ndipo hesabu inapoingia, nayo si ngumu. Njia za kuchagua gilasi nne kati ya nane ni 70, na katika hizo ni moja tu iliyo sahihi kabisa. Kwa hiyo mtu anayebahatisha atazipatia zote nne mara 1 katika 70, yaani kama 0.014. Bibi akizipatia zote, tunalazimika kuchagua: ama ametokewa na bahati ambayo humtokea mbahatishaji mmoja katika sabini, ama kweli ulimi wake unatambua kitu. Lakini akipatia tatu na kukosa moja, mambo hugeuka. Njia za kupatia tatu ni 16. Tukiongeza ile moja ya kupatia zote, tunapata 17 katika 70, karibu robo. Katika kila wabahatishaji wanne, mmoja angefika hapo au kupita. Kwa kazi ya namna hiyo hatuwezi kumpa bibi yetu ushindi, ingawa vilevile hatukumthibitisha kuwa mwongo. Nawaomba wasomaji waliweke akilini neno hili la mwisho, kwani tutalihitaji tutakapofika Pemba.

Jaribio hili si langu. Ni la Ronald Fisher, mwanatakwimu wa Uingereza aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted. Inasimuliwa kwamba mwenzake wa kituoni, Muriel Bristol, mtaalamu wa mimea ya majini, alidai kuwa anatambua kwa kuonja kama maziwa yalitangulia kikombeni au chai ndiyo iliyotangulia. Fisher alilifanya jambo hilo kuwa mfano mkuu katika kitabu chake cha mwaka 1935 kuhusu namna ya kupanga majaribio. Nimebadilisha chai kwa muwa tu. Tukiliangalia vizuri, hili ni jaribio la saikolojia: linapima hisi ya binadamu, na linauliza kama tuonacho katika majibu yake ni uwezo au ni bahati.

Hicho ndicho kiini cha vipimo vyote vya umuhimu wa kitakwimu. Kipo kipimo cha t, kilichotangazwa mwaka 1908 na William Gosset, mwajiriwa wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, ambaye aliandika kwa jina la kujificha la «Student». Asili hiyo nimeikuta, sikuitunga. Kipo kipimo cha kai-mraba cha Karl Pearson cha mwaka 1900. Vyote huanza kwa kukubali, kwa muda tu, kwamba hakuna tofauti yoyote na kwamba tunachokiona kimeletwa na bahati tupu. Kisha huuliza: kama ingekuwa hivyo, tofauti kubwa kiasi hiki au zaidi ingetokea mara ngapi? Jibu lake ndilo linaloitwa thamani ya p. Ikiwa chini ya 0.05, yaani chini ya mara 5 katika 100, watafiti wamezoea kusema kwamba matokeo «yana umuhimu wa kitakwimu». Mpaka huo wa 0.05 haukushuka kutoka mbinguni. Fisher aliupendekeza mwaka 1925 kwa sababu ulimfaa kazini, na dunia ikaufanya sheria.

Kosa la kwanza la wasomaji, na hata la waandishi wengi, ni kudhani kwamba p ya 0.014 ina maana kuwa uwezekano wa bibi kuwa amebahatisha ni 0.014. Sivyo. Fikiria angekuja mtu mwingine akadai kwamba kwa kuonja juisi anatambua muuzaji ana simu ya aina gani mfukoni, naye akazipatia gilasi zote nane. Hesabu ni ileile, 1 katika 70, lakini nani angemwamini? Tungetafuta kwanza aliyemnong'oneza. Thamani ya p inatueleza namna bahati inavyofanya kazi. Haijui lolote kuhusu madai yenyewe kama yanaingia akilini au hayaingii.

Sasa tutoke Forodhani twende Pemba, kwa sababu huko umefanyika utafiti ambao kila mhudumu wa afya wa visiwa hivi angefaa kuujua. Matokeo yake yalichapishwa Desemba 2001 katika jarida la madaktari la Uingereza, BMJ. Waliouongoza ni Rebecca Stoltzfus na wenzake, akiwemo Hababu Chwaya wa Zanzibar. Swali lao lilikuwa la afya na la saikolojia ya ukuaji kwa pamoja: je, mtoto mdogo mwenye upungufu wa damu akipewa madini ya chuma, au akipewa dawa ya minyoo, atawahi zaidi kutembea na kusema?

Waliandikishwa watoto 614 wenye umri wa miezi 6 hadi 59. Kwa kura, baadhi walipewa matone ya chuma, miligramu 10 kila siku kwa mwaka mzima, na baadhi matone yasiyo na chuma. Vilevile kwa kura, baadhi walipewa mebendazoli kila baada ya miezi mitatu, na baadhi kidonge kisicho na dawa. Wazazi hawakujua mtoto wao yumo kundi gani, wala wapimaji hawakujua. Jambo hilo lilikuwa na uzito wa pekee hapa, kwa sababu maendeleo ya watoto yalipimwa kwa kuwauliza wazazi: mtoto anaweza kusimama, kukimbia, kutaja vitu, kuunganisha maneno? Mzazi anayejua kwamba mwanawe anapata dawa halisi husikia maneno mengi zaidi kinywani mwake. Si uongo, ni mapenzi. Maswali yenyewe yaliandaliwa kwa mazingira ya huko, yakatoa alama 20 za lugha na 18 za kutumia viungo.

Baada ya mwaka, watoto waliopata chuma waliwazidi wenzao katika lugha kwa wastani wa alama 0.8. Je, ni bahati? Tuseme majina ya makundi yameandikwa kwenye kadi, tukazichanganya kama karata na kuwagawia watoto upya bila mpango. Katika migao mingapi tofauti ya alama 0.8 ingetokea yenyewe? Hilo ni swali lilelile la gilasi nane, ila meza ni kubwa zaidi. Watafiti walitumia hesabu ndefu kuliko hiyo, wakatoa jibu kwa namna ambayo binafsi naipenda kuliko thamani ya p peke yake: wigo wa uhakika, kutoka 0.2 hadi 1.4. Maana yake, kwa takwimu walizonazo, faida halisi ya chuma inaweza kuwa ndogo kama 0.2 au kubwa kama 1.4, na sifuri haimo ndani ya wigo huo. Sifuri ikiwa nje, matokeo yana umuhimu wa kitakwimu katika mpaka wa 0.05.

Lakini wigo unatwambia jambo ambalo nyota ya «p chini ya 0.05» haitwambii. Alama 0.8 kati ya 20 ni ndogo. Mama aliyekaa barazani na mwanawe asingeiona. Kwa kisiwa chenye maelfu ya watoto huenda ni jambo kubwa, na kwa mtoto mmoja huenda si kitu. Kipimo cha takwimu hakina rai juu ya hilo. Neno «umuhimu» limetuponza katika Kiswahili kama lilivyowaponza wengine katika lugha zao. Umuhimu wa kitakwimu ni kusema tu kwamba bahati peke yake ni maelezo dhaifu. Hausemi kwamba jambo lina maana kwa mgonjwa.

Katika kutumia viungo hadithi ilikuwa na kona. Chuma kiliwasaidia wale tu walioanza na damu pungufu sana, himoglobini chini ya gramu 9 kwa desilita kwa vipimo vya vituo vyetu. Kwa mtoto aliyeanza na 6.8, faida ilikaribia alama 1.1, na wigo wake ulikuwa 0.1 hadi 2.1. Kwa aliyeanza na damu nzuri zaidi haikuonekana. Wastani wa kundi zima ungeweza kulificha hilo.

Na mebendazoli? Ilipunguza mchango na minyoo mjeledi, haikupunguza safura. Katika lugha iliongeza alama 0.3, wigo wake ukiwa kutoka punguzo la 0.3 hadi nyongeza ya 0.9. Katika viungo iliongeza 0.4, kutoka punguzo la 0.3 hadi nyongeza ya 1.0. Sifuri imo ndani ya wigo katika zote mbili. Msomaji wa haraka ataandika: «Chuma kinasaidia lugha, dawa ya minyoo haisaidii.» Nusu ya pili ya sentensi hiyo haikuthibitishwa na mtu yeyote. Wigo wa chuma na wigo wa mebendazoli katika lugha vinapishana kwa sehemu kubwa. Inawezekana kabisa kwamba dawa zote mbili zinafanya kazi kwa kiasi kinachokaribiana. Ni kama bibi aliyepatia gilasi tatu: hatukumpa ushindi, wala hatukumwita mwongo. Nimesoma ripoti nyingi za wanafunzi zenye maneno «hakuna tofauti» mahali palipostahili «hatukuweza kuonesha tofauti», na nimekiri mwenyewe zamani kuandika hivyo hivyo.

Tiba ya wasiwasi huo ni kuongeza idadi. Mpe bibi gilasi 12, sita kwa sita. Njia za kuchagua sasa ni 924. Hata akikosa moja, nafasi ya mbahatishaji kufika hapo au kupita ni 37 katika 924, yaani 0.04. Kosa lilelile la gilasi moja lililomwangusha kwenye nane halimwangushi kwenye kumi na mbili. Utafiti mkubwa huona mambo madogo. Sentensi hiyo fupi ilikuja kuwa na uzito wa kutisha kisiwani Pemba.

Baada ya matokeo ya mwanzo yenye kutia moyo, kuanzia mwaka 2002 ulifanyika huko utafiti wa pili, mkubwa mno, ulioongozwa na Sunil Sazawal na Robert Black. Waliingia watoto 24,076 wa umri wa mwezi 1 hadi 35. Kwa kura, 7,950 walipewa chuma na asidi ya foliki, 8,120 walipewa hivyo pamoja na zinki, na 8,006 walipewa kidonge kisicho na kitu. Safari hii swali halikuwa alama za lugha. Lilikuwa kulazwa hospitali na kufa.

Agosti 2003, kwa ushauri wa kamati huru ya kusimamia usalama, makundi yaliyopewa chuma yalisimamishwa kabla ya wakati. Ripoti ilitoka katika jarida la Lancet Januari 2006. Watoto waliopewa chuma na asidi ya foliki walikuwa na uwezekano uliozidi kwa asilimia 12 wa kufa au kuugua kiasi cha kuhitaji matibabu hospitalini. Wigo wake ni asilimia 2 hadi 23, na p ni 0.02. Kulazwa kulizidi kwa asilimia 11, p ikiwa 0.03. Vifo peke yake vilizidi kwa asilimia 15, lakini wigo wake ulianza kwenye punguzo la asilimia 7 ukaenda hadi nyongeza ya 41, na p ilikuwa 0.19.

Tuisome mistari hiyo polepole. Mtu anayeabudu mpaka wa 0.05 angesema kwamba kuhusu vifo «hakuna umuhimu», akageuza ukurasa. Lakini 0.19 ni karibu na ile robo ya bibi mwenye gilasi tatu: haithibitishi, haikanushi. Wigo wenyewe unaruhusu kwamba vifo vilizidi kwa theluthi. Je, mzazi gani angekubali mwanawe aendelee kumeza kidonge mpaka p ishuke chini ya 0.05? Vifo vilikwenda upande uleule wa kulazwa, na malaria ilikuwa imeenea kisiwani. Ushahidi husomwa kwa pamoja.

Na kwa nini madhara haya hayakuonekana kwa watoto 614 wa mwanzo? Hayangeweza. Ongezeko la asilimia 12 katika jambo ambalo kwa bahati njema huwapata watoto wachache halionekani kwa idadi hiyo, kama tofauti ndogo ya ladha isivyoonekana kwa gilasi nne. Utafiti mdogo usipoona madhara, haujatangaza usalama. Hili nawaomba wenzangu wa vituo vya afya walishike wanapoletewa karatasi ya kampuni yenye maneno «hakukuwa na tofauti katika madhara» na idadi ya wagonjwa themanini.

Utafiti mdogo uliofanywa ndani ya ule mkubwa, ambamo watoto walipimwa damu na kutibiwa malaria kwa ukaribu zaidi, ulionesha kuwa wale waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika. Yaani dawa ileile, kisiwa kilekile, ilisaidia waliokosa chuma na ilikuwa na hatari ilipomwagwa kwa wote bila kupima. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unasema kwamba mahali penye malaria, kuwapa watoto chuma kuambatane na hatua za kuikinga, kuipima na kuitibu. Zanzibar yenyewe imebadilika: dawa mseto zilianza kutumika 2003, vyandarua na upuliziaji wa dawa ukoko vikafuata, na malaria ikapungua sana. Takwimu za 2002 ni za watoto wa 2002. Nami niseme wazi kwa akina mama wanaosoma makala hii: hayo yalihusu watoto wadogo waliopewa chuma bila kupimwa. Vidonge vya chuma anavyopewa mjamzito kliniki ni suala jingine, wala mtoto aliyeandikiwa chuma baada ya kupimwa damu asiachishwe kwa sababu ya maneno ya gazetini.

Wanasaikolojia nao wana funzo lao chungu. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti wa nchi mbalimbali lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Katika tafiti za asili, 97 katika kila 100 zilidai umuhimu wa kitakwimu. Ziliporudiwa, ni 36 tu katika 100 zilizofikia mpaka huo. Si kwamba wote walidanganya. Mtafiti akiuliza maswali 20 yasiyo na ukweli wowote ndani yake, uwezekano kwamba angalau moja litapita chini ya 0.05 kwa bahati tu ni 64 katika 100. Akiandika hilo moja na kuyaficha 19, tunaletewa ugunduzi. Ni kama kuwaita mabibi ishirini Forodhani na kumtangaza gazetini yule mmoja aliyepatia.

Kwa hiyo anayepanga utafiti mdogo wa msongo wa mawazo kwa wajawazito, au wa usingizi kwa wauguzi wa zamu ya usiku, aandike kabla ya kuanza ni swali gani moja atakalolipima, na aoneshe wigo badala ya nyota. Na mgonjwa anayeambiwa kwamba dawa fulani «imethibitishwa» ana haki ya kuuliza: ilisaidia kwa kiasi gani, na walikuwa watu wangapi?

Mama akifika kituoni na mtoto wa miaka miwili, mweupe viganja, akaomba dawa ya kuongeza damu, kazi ya kwanza ni kipimo cha himoglobini na kipimo cha malaria. Akikutwa na 6.8, tunawajua watoto wa Pemba waliofanana naye. Akikutwa na 11.5, hao si wenzake, na chupa ya matone ibaki kabatini.